Mwanangu amesimamishwa masomo mara mbili: nini kinawasibu wavulana Weusi wa Marekani, na nini kimeonekana kuwasaidia?

Msomaji mmoja, mama wa watoto watatu aliyehamia Columbus, Ohio, kutoka Tanzania, ameniandikia hivi: "Mwanangu wa kwanza ana miaka 13. Mwaka huu wa masomo amesimamishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kumjibu mwalimu, mara ya pili kwa kile walichokiita ukaidi. Nyumbani ni mtoto mtulivu. Katika jumuiya yetu wapo wanaosema kwamba ameanza kuiga vijana Weusi wa Kimarekani, ambao kwa maneno yao ni wavivu na wamekulia bila baba. Mimi sijui niamini lipi. Je, ni kweli kwamba shida za wanaume na wavulana Weusi wa nchi hii wamejitakia wenyewe? Lipo lililojaribiwa likasaidia? Na je, nimrudishe mwanangu kwa bibi yake Moshi?"

Dada yangu, nitaanza na hayo maneno ya jumuiya. Nimeyasikia misibani, harusini na katika vikao vya vyama vya Watanzania na Wakongo kwa miaka yote ambayo nimefanya kazi na familia za wahamiaji kuhusu mambo ya shule, na kila mara huwa yanamziba mzazi macho asione kinachomtokea mtoto wake. Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi wao hufanya kazi zamu mbili, hutuma fedha nyumbani, na wangependa sana kuamini kwamba mtu akijituma na kushika adabu nchi hii haitamgusa. Lakini mwalimu anayemwandikia mwanao karatasi ya kusimamishwa hajui kwamba bibi yake anaishi chini ya Kilimanjaro, wala askari wa barabarani hatauliza babu yake alizaliwa wapi kabla ya kuamua kama mkono ulioingia mfukoni ni wa kutiliwa shaka. Machoni pao huyo ni mvulana Mweusi wa Marekani, na yaliyowapata wavulana hao kwa vizazi vingi sasa yanamhusu na yeye. Ndiyo maana nitakujibu kwa kirefu kuhusu wao kwanza, kabla ya kurudi kwa mwanao.

Swali la kama wamejitakia wenyewe limewahi kupimwa kwa takwimu ambazo ni nadra kupatikana popote duniani. Mwaka 2018 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake, wakiwemo watafiti wa Ofisi ya Sensa ya Marekani, walitoa utafiti uliofuatilia watu wapatao milioni 20 tangu walipokuwa watoto hadi utu uzima, wakilinganisha kipato cha wazazi na kile ambacho watoto walikuja kukipata wenyewe. Ukichukua mvulana Mweusi na mvulana Mweupe waliolelewa na wazazi wenye kipato kilekile, Mweusi akishakuwa mtu mzima anakuwa na kipato kidogo zaidi, na pengo hilo linabaki hata kama wazazi wa pande zote mbili wana elimu sawa, hata kama wameoana na wanaishi pamoja, hata kama ni matajiri. Watafiti walipotazama mtaa kwa mtaa, pengo lilikuwapo katika asilimia 99 ya mitaa, ikiwemo ile ambayo wavulana hao wawili ni majirani. Mvulana Mweusi aliyezaliwa katika familia ya tabaka la juu kabisa alikuwa na uwezekano wa kuporomoka hadi tabaka la chini kabisa unaokaribiana na ule wa kubaki hukohuko juu.

Lililowashangaza wengi ni habari za dada zao. Wanawake Weusi na Weupe waliotoka katika familia zenye kipato sawa walikuja kupata kipato kinachokaribiana sana. Hapo ndipo hoja ya uvivu na ya malezi mabaya inapokosa pa kusimama, kwa sababu kaka na dada wamelelewa na mama mmoja, wamekula chungu kimoja na kupelekwa kanisa moja, na bado anayeporomoka ni kaka. Lazima basi tutafute kinachompata akishavuka kizingiti cha nyumba yao. Sisemi kwamba dada zao wako salama. Mwaka 2014, Rais Barack Obama alipozindua mpango wa kuwasaidia wavulana na vijana wa kiume Weusi na wa jamii nyingine zilizo nyuma, wanawake zaidi ya elfu moja walitia saini barua ya kuhoji kwa nini wasichana wameachwa, na hoja yao ilikuwa ya haki. Wanawake hao wana mizigo yao, na sehemu ya mizigo hiyo ni kaka, waume na watoto wa kiume waliotolewa katikati yao. Ila kwa jambo hili mahususi, njia ya mvulana inakatika mahali ambapo ya msichana haikatiki, na haifai kulificha.

Na hilo la baba? Ni kweli kwamba watoto wengi Weusi wa Marekani hawaishi nyumba moja na baba zao. Lakini kutoishi nyumba moja hakumaanishi kumtelekeza mtoto. Taasisi ya serikali inayoshughulikia takwimu za afya ilichapisha mwaka 2013 ripoti iliyotokana na mahojiano ya 2006 hadi 2010. Miongoni mwa akina baba Weusi wanaoishi na watoto wao wadogo, asilimia 70 walisema kwamba kila siku huwaogesha, huwavisha au huwabadilisha nepi. Kwa Weupe ilikuwa asilimia 60. Hata wasioishi na watoto wao hawakuwa nyuma ya wenzao wa rangi nyingine katika kuwatembelea, kula nao na kuwasaidia kazi za shule. Utafiti wa 2018 uliongeza jambo ambalo sisi tuliokulia uswahilini tunalijua bila kuhitaji kompyuta: mvulana Mweusi hufanya vizuri zaidi katika mtaa wenye akina baba wengi Weusi, hata kama baba yake mwenyewe hayupo nyumbani. Baba wa jirani aliyekuwa na ruhusa ya kukukemea ukimtupia mbuzi wake mawe alikuwa akikulinda kwa namna yake. Tatizo ni kwamba mitaa ya namna hiyo, ambayo pia umaskini wake ni mdogo, inakaliwa na watoto Weusi wasiozidi asilimia 5.

Je, akina baba walikwenda wapi? Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani iliwasaidia wanajeshi waliorudi kujenga maisha, kwa sheria ya 1944 iliyowapa elimu na dhamana ya mikopo ya nyumba, mashamba na biashara. Katika jimbo la Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo zaidi ya 3,200 iliyodhaminiwa, miwili tu ilikwenda kwa wanajeshi Weusi. Fikiria mtu aliyevaa sare ileile na kuvuka bahari ileile, kisha anaambiwa na benki ya mji wake kwamba dhamana ya serikali haitoshi. Tayari tangu miaka ya 1930 ramani za serikali zilikuwa zimechora mitaa ya Weusi kwa rangi nyekundu, kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari, na ubaguzi katika nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya taifa hadi 1968. Matokeo yake yanahesabika hadi leo: mwaka 2022 familia ya Weupe iliyo katikati ukizipanga kwa mali ilikuwa na mali yenye thamani ya dola 285,000, ya Weusi dola 44,900.

Wanaume Weusi waliohamia kaskazini kutoka mashamba ya pamba walipata kazi za viwandani, na kwa kizazi kimoja au viwili mwanaume ambaye hakusoma sana aliweza kununua nyumba kwa mshahara wa kiwanda. Kisha viwanda vikahama au vikafungwa. Detroit, mji wa magari, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa wamebaki wapatao 640,000. Waliokuwa wa mwisho kuajiriwa ndio waliokuwa wa kwanza kupunguzwa, na walipotaka kufuata kazi zilikohamia, kwenye vitongoji vya nje ya mji, waligonga ukuta uleule wa nyumba na mikopo.

Mahali palipokuwa na kazi pakaingia dawa za kulevya, na taifa likajibu kwa gereza. Sheria ya 1986 iliweka kwamba mtu akikamatwa akisambaza gramu 5 za kokeini ya vipande, ile inayoitwa kraki, atafungwa si chini ya miaka mitano. Kwa kokeini ya unga ilibidi awe na gramu 500 ndipo apate kifungo hichohicho. Ni kemikali ileile. Tofauti ilikuwa kwamba waliokamatwa na vipande walikuwa Weusi kwa wingi mno. Uwiano huo wa mia kwa moja ulidumu hadi 2010, na hata wakati huo haukufutwa bali ulishushwa hadi 18 kwa moja; waliofungwa kabla hawakupata nafuu ya sheria hiyo mpya hadi 2018. Kwa mwenendo wa magereza wa mwaka 2001, wataalamu wa takwimu wa Wizara ya Sheria walikadiria kwamba mvulana mmoja kati ya watatu Weusi waliozaliwa mwaka huo angeingia gerezani wakati fulani wa maisha yake, ilhali kwa Weupe ni mmoja kati ya 17. Hali imekuwa nafuu tangu hapo, na makadirio ya karibuni ni mmoja kati ya watano, lakini mmoja kati ya watano bado ni darasa zima lenye viti vitupu.

Akishatoka gerezani, au hata asipowahi kuingia, anakutana na mwajiri. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wa kiume kuomba kazi za kawaida katika mji wa Milwaukee mwaka 2001. Walikuwa wamevaa vizuri, wanaongea vizuri, wana sifa za kufanana. Weupe wawili waliomba kazi kwa mwajiri mmoja, Weusi wawili vilevile, na katika kila jozi wakapokezana kusema kwamba wamewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Weupe wasio na rekodi ya kifungo waliitwa tena na asilimia 34 ya waajiri. Weupe waliosema wamefungwa, asilimia 17. Weusi wasio na rekodi yoyote, asilimia 14. Weusi waliosema wamefungwa, asilimia 5. Nakuomba usome tena namba ya pili na ya tatu, dada yangu. Kijana Mweusi ambaye hajawahi kuvunja sheria alikuwa na nafasi ndogo kuliko kijana Mweupe aliyekiri kuuza dawa za kulevya. Nimewahi kuwaeleza wazazi namba hizi kwenye ukumbi wa kanisa, na mzee mmoja, dereva wa lori, akainuka akaniuliza kama nina hakika sijakosea kunakili. Sikuwa nimekosea.

Sasa turudi shuleni, maana ndiko mwanao alipo. Takwimu za Wizara ya Elimu za mwaka wa masomo 2017–18 zinaonyesha kwamba wavulana Weusi walikuwa asilimia 7.7 ya wanafunzi wote wa shule za umma, lakini walikuwa karibu asilimia 25 ya waliosimamishwa na kurudishwa nyumbani. Jambo hili huanzia chekechea, kwa watoto ambao bado hawajajua kufunga kamba za viatu. Na ukitazama sababu zinazoandikwa, kosa lenye ushahidi wa wazi, kama kuvunja dirisha au kuvuta sigara, halina utata mkubwa. Utata uko kwenye makosa ambayo yapo au hayapo kutegemea anayetazama: dharau, ukaidi, kuleta fujo, sauti ya kutisha. Mwanao amesimamishwa mara mbili kwa makosa ya aina hiyo. Simtetei bila kumjua. Pengine alimjibu mwalimu vibaya kweli, na hilo utamkanya mwenyewe. Ninachokuambia ni kwamba jibu lilelile likitoka kinywani mwa mtoto mwingine mara nyingi huishia kwa kuitwa pembeni na kuambiwa akae vizuri.

Katika shule hiyo huenda hajawahi kufundishwa na mwanaume Mweusi hata mmoja. Wanaume Weusi ni takriban asilimia 1.3 ya walimu wa shule za umma nchini. Haikuwa hivyo tangu zamani. Mahakama Kuu ilipopiga marufuku shule za kibaguzi mwaka 1954, majimbo ya kusini yalitekeleza hukumu kwa kufunga shule za Weusi na kuwapeleka watoto kwenye za Weupe, lakini walimu hawakuhamishwa pamoja nao. Walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika miaka kama kumi iliyofuata. Hasara hiyo inapimika. Watafiti waliofuatilia wanafunzi wa North Carolina waligundua kwamba mvulana Mweusi wa familia maskini akipata angalau mwalimu mmoja Mweusi kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wa kuacha shule kabla ya kumaliza sekondari hupungua kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja, mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kilianza mwaka 2000 mpango wa kuwaandaa wanaume Weusi kuwa walimu wa shule za msingi, na vyuo kadhaa vimeufuata. Mimi ningependa kuona fedha nyingi zaidi zikienda huko kuliko kwenye kamera na walinzi wa mlangoni.

Umeuliza kama lipo lililosaidia. Lipo, na hapa ninazungumzia yaliyojaribiwa kwa kuwagawa vijana kwa bahati nasibu, ili isiwe hadithi ya mtu mmoja aliyefaulu.

Chicago kuna programu inayoitwa Becoming a Man, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambapo wavulana hukutana na mshauri mara moja kwa wiki wakiwa shuleni. Zoezi mojawapo la mwanzo liko hivi. Wavulana wanakaa wawili wawili. Mmoja anapewa mpira mdogo aushike ngumini. Mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 za kuupata. Mara moja wanaanza kuvutana, kukunjana vidole, wengine wanaanguka chini. Muda ukiisha, mshauri anauliza kwa nini hakuna aliyesema, "Nipe mpira, tafadhali." Wengi hujibu kwamba mwenzao asingewapa, au angewaona wanyonge. Mshauri anamgeukia aliyekuwa na mpira na kumuuliza, "Angekuomba, ungefanyaje?" Na yule anasema, mara nyingi akishangaa mwenyewe, kwamba angempa tu, kwani ni mpira. Hakuna mahubiri yanayofuata. Kijana anajifunza kwamba kile anachokiona usoni mwa mwingine huenda hakipo, na kwamba anazo sekunde chache za kufikiri kabla mkono haujaenda. Majaribio mawili yalionyesha kwamba kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 wakati programu ikiendelea, na katika jaribio la kwanza vijana wengi zaidi wakamaliza sekondari. Upungufu huo wa kukamatwa haukudumu baada ya programu kwisha. Wapo wanaolitumia hilo kusema haifai. Mimi nalisoma kinyume, kwamba mtoto anayeishi katika mtaa wenye risasi anahitaji mshauri wake mwaka baada ya mwaka, kama anavyohitaji chakula.

Chicago hiyohiyo, kiangazi cha 2012, vijana wa sekondari kutoka shule 13 za mitaa yenye vurugu, karibu wote Weusi, waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa kazi ya wiki nane, saa 25 kwa wiki, kwa dola 8.25 kwa saa. Katika miezi 16 iliyofuata, waliopata kazi walikamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu kwa asilimia 43 chini ya wenzao waliokosa, na sehemu kubwa ya tofauti ilijitokeza baada ya kazi yenyewe kwisha. Hawakuhubiriwa kuhusu uvivu. Walipewa mahali pa kwenda asubuhi na mtu mzima wa kuwasalimia kwa jina.

Afya nayo inafuata njia hiyohiyo. Wanaume Weusi hufa kwa saratani ya tezi dume takriban mara mbili ya wanaume Weupe, na shinikizo la damu huwachukua mapema. Wanakwepa hospitali, na wana kumbukumbu: kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, wataalamu wa serikali waliwatazama wanaume 399 Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana, ili waone ugonjwa unavyokwenda. Hivyo katika kaunti ya Los Angeles watafiti waliamua kwenda kwa kinyozi. Saluni za vinyozi 52, wateja 319. Katika nusu ya saluni hizo, mfamasia alikuja kukaa palepale, akapima presha mteja akiwa kitini na kumwandikia dawa. Katika nusu nyingine kinyozi alimhimiza tu mteja amwone daktari. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilishuka kwa pointi 27 katika kundi la kwanza na 9 katika la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Dawa hazikuwa mpya. Zilimfuata mtu mahali anapoaminiwa na anapokwenda kila baada ya wiki mbili.

Si kila lenye nia njema limefaa, na ni vizuri ulijue. Majimbo na miji mingi imekataza waajiri kuuliza kwenye fomu ya maombi kama mtu amewahi kufungwa, ili apimwe kwanza kwa sifa zake. Watafiti wawili walipotuma maombi ya kubuni takriban 15,000 New Jersey na New York kabla na baada ya katazo hilo, waliona kwamba kwa waajiri walioondoa swali, pengo la kuitwa kati ya majina ya Kizungu na ya Weusi lilikua kutoka asilimia 7 hadi 43. Mwajiri asiyeruhusiwa kuuliza alianza kukisia, na kisio lake lilimwangukia kila kijana Mweusi, hata aliyekuwa safi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba haitoshi kumrekebisha kijana, wala kurekebisha karatasi. Yule anayekaa upande wa pili wa meza naye apimwe na awajibishwe. Jimbo la Connecticut limejaribu njia nyingine, la kwanza nchini: kila mtoto anayezaliwa tangu Julai 2023 chini ya bima ya afya ya watu wa kipato cha chini huwekewa akiba ya hadi dola 3,200 inayokua hadi awe mtu mzima, kwa masomo, nyumba au biashara. Itachukua miaka mingi kujua matunda yake, lakini inalenga kile ambacho benki za Mississippi zilikinyima.

Sasa kuhusu mwanao. Unaishi katika mji wenye sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1971 wanafunzi kadhaa wa shule za umma za Columbus walisimamishwa masomo bila kusikilizwa; walishtaki, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi hawezi kusimamishwa, hata kwa siku kumi au pungufu, bila kuelezwa anatuhumiwa nini, kuonyeshwa ushahidi uliopo kama anakana, na kupewa nafasi ya kutoa maelezo yake. Kama aliondolewa papo hapo kwa madai ya hatari, nafasi hiyo lazima itolewe mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo uliza: mwanangu aliulizwa lini, na nani, na alisema nini? Kama Kiingereza cha ofisini kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na usikubali mwanao atumiwe kukutafsiria kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtoto wa miaka 14 alimtafsiria mama yake mashtaka yake, akiwa ameinamisha kichwa, na mama akawa anaitikia "yes" kwa heshima kwa kila jambo. Ile "yes" iliandikwa kuwa amekubali kosa.

Kuhusu Moshi, najua wazazi wengi wamefanya hivyo, na wapo watoto waliotulia na kufurahi kwa bibi. Wapo pia waliorudi wakiwa na miaka 17 wakiwa wamepoteza madarasa ya huku, hawajamudu mitihani ya kule, na wakiamini kwamba walitupwa. Akienda kama adhabu, atajifunza kwamba shule ilikuwa na haki na mama yake alikubaliana nayo. Kama ana kadi ya ukazi na si uraia, akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurudi anaweza kupoteza haki yake ya kuishi Marekani, na hilo huwakuta wazazi wengi uwanja wa ndege. Likizo ya kiangazi kwa bibi, akijua tarehe ya kurudi, ni jambo jingine kabisa, nami ningeliunga mkono kwa moyo wote.

Kabla ya kukata tiketi yoyote, andika barua ya kuomba kuona jalada lake lote la shule. Sheria ya 1974 inakupa haki hiyo, na shule inatakiwa kukuonyesha ndani ya siku 45. Likifika, mwite mwanao mkae mezani, msome karatasi zile mbili za kusimamishwa pamoja, neno kwa neno, umuulize siku ile ilikuwaje, halafu mwache aongee mpaka amalize.